Kamera ya Kioo Katika Tope la Kiongoroni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya misitu ya Utete kabla mlango haujafunguliwa. Shati langu lilikuwa limepigwa pasi mbele na nyuma. Nilikuwa nimeajiriwa kuandika barua. Karani Mkuu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akanisogezea sanduku dogo jeusi juu ya meza. Karani aliyekuwa na kazi ya picha, alinieleza, alikuwa amehamishiwa Lindi.

"Wewe una macho mazima," akasema. "Utapiga na picha."

Nikamwambia sijawahi kushika kamera. Akanijibu kwamba hata lile sanduku halijawahi kushikwa na mtu anayejua, kwa hiyo hatutasutana.

Vijana wa leo huniuliza tofauti ya kamera ile na kamera ya kioo niliyokuja kuitumia baadaye. Jibu langu ni refu kidogo, maana nilijifunza zote mbili peke yangu, kwa hofu.

Kamera ya boksi haikuwa na makuu. Mbele ilikuwa na lenzi moja isiyosogea, ubavuni kitufe, juu kidirisha cha kuchungulia. Haikukuuliza umbali wala mwanga. Uliligeuzia jua mgongo, ukabana pumzi, ukabonyeza, picha ikatoka. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa na macho mawili: wewe unachungulia kwa kidirisha, filamu inaona kwa lenzi, na viwili hivyo havikai mahali pamoja. Kwa mbali havigombani. Kwa karibu kila kimoja kina habari yake. Tena kitu chochote kilichokuwa karibu zaidi ya hatua tatu hivi kilitoka na ukungu, ufanye ufanyavyo.

Hilo nililijua kwa aibu. Jumbe mmoja wa upande wa Bungu alivaa kanzu na joho ili apigwe picha ya ofisi. Nikamsogelea nipate na nakshi za joho, na kwenye kidirisha alikuwa mzima kabisa. Picha iliporudi kutoka kusafishwa Dar es Salaam, joho lilikuwa zuri mno, kichwa hakipo. Nikampelekea mwenyewe, sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Akaitazama kwa muda.

"Basi mwambie Bwana Mkubwa," akasema, "mshahara alilipe joho."

Alicheka yeye kwanza, ndipo nami nikacheka. Lakini kwa wiki nzima chakula hakikunipita vizuri. Nilikuwa kijana wa namna hiyo. Jioni nilirudi ofisini kuhakikisha nimefunga mlango, halafu nikifika nyumbani nikaanza kujiuliza kama kule kuuhakikisha hakukuufungua.

Baadaye nilihamishiwa Kibiti, chini ya Bwana Misitu, Mwingereza mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za mapito ya magogo, madaraja ya barabara ya kwenda Nyamwage, na mashamba yaliyoingia ndani ya mipaka ya msitu. Vitu hivyo vyote ni vikubwa na viko mbali, na kamera ya boksi iliviweza. Nikaanza kudhani nimekuwa fundi.

Ndipo nikatumwa Kiongoroni, kule kwenye delta, mto unakogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, nikapige picha ya mkono mmoja wa mto ambao wakataji wa mikoko walikuwa wamekata boriti kwa misimu kadhaa. Ofisi ilitaka kujua kama mikoko inaota tena. Nilipiga picha nikiwa ndani ya mtumbwi, kisha nikashuka nikainama karibu na mche mmoja, nikapiga tena. Picha ya mtumbwini ilionyesha tope na visiki tu. Ile ya karibu ilionyesha ukungu.

Bwana Misitu aliziweka mezani, zote mbili, akazitazama kama mtu anayesoma habari ya msiba.

"Hapa hapaoti kitu," akasema.

Nikamwambia miche ipo, nimeiona kwa macho yangu, tena mingi, ila ni myembamba kama vidole na kamera haikuipata.

"Nakuamini. Lakini mkubwa wangu Dar es Salaam hakujui wewe, na mimi ananijua kidogo tu. Anataka kuufunga mkono huu wa mto kabla ya masika, na hii ndiyo picha atakayopelekewa."

Sijui kama mnaelewa uzito wa neno lile. Kufungwa kwa mkono ule kulimaanisha kwamba hakuna atakayekata huko kwa miaka, na nyumba nyingi za Kiongoroni hazikuwa na kazi nyingine ya kutegemea ila boriti na samaki wa msimu. Na kilichowashtaki ni picha yangu. Haikusema uongo hata kidogo, lakini ilikuwa inawahukumu.

Nadhani Bwana Misitu aliniona sura ilivyobadilika. Akafungua kabati lake, akatoa kamera yake mwenyewe ndani ya mfuko wa ngozi, akanipa pamoja na kijitabu chake na miguu mitatu ya kuisimamishia.

"Ikiingia topeni," akasema, "ifuate."

Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza kigumu. Nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, na kamera isiyo na filamu mbele yangu. Hii ndiyo kamera ya kioo. Ina jicho moja tu. Nyuma ya lenzi kuna kioo kilichoinama, kinachopokea picha na kuirusha juu kwenye bamba la kioo chenye ukungu, nawe unainama kuitazama kwa juu. Unachokiona ndicho filamu itakachokiona, hata ukiwa umbali wa shubiri. Unazungusha lenzi, na kitu kinatoka kwenye ukungu na kuwa kikali mbele ya macho yako. Mara ya kwanza nilipoona jani la mchicha wa nyuma ya ofisi likijitokeza hivyo, na mishipa yake, nilikaa chini.

Lakini ina masharti. Kwanza, inageuza kulia kuwa kushoto. Pili, ukibonyeza, kioo kinaruka juu kupisha mwanga uende kwenye filamu, na ukichungulia huoni kitu, giza tupu, mpaka usokote filamu ndipo kioo kirudi. Mara ya kwanza nilifikiri nimeiua. Tatu, na hili ndilo lililonitesa, kwenye lenzi kuna pete ya kufungua na kufinya tundu la mwanga. Ukilifungua, unaona vizuri kuchagua, lakini kitu kimoja tu ndicho kitakuwa kikali, cha mbele na cha nyuma vyote vinayeyuka. Ukilifinya, vya karibu na vya mbali vyote vinakuwa vikali, lakini bamba linaingia giza na huoni sawasawa. Kwa hiyo unafungua kuchagua, unafinya kupiga. Ukisahau kufinya, kamera haikukumbushi.

Nilirudi Kiongoroni siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa. Msimamizi wa wakataji alikuwa Mzee Mbwana, mtu mkavu mwenye mabega yaliyochubuliwa na boriti. Aliponiona navua viatu, naye anajua kwetu ni milimani, akawaambia wenzake waje watazame, Mmatumbi ametoka milimani kuja kujifunza kutembea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi kutumaliza?"

Nikamweleza yote, picha zilivyotoka na kilichosemwa. Hakukasirika. Alinishika mkono akaniingiza ndani, ambako mtumbwi haukufika. Kule nikaona jambo ambalo safari ya kwanza sikulijua. Mbegu za mkoko huchipua zikiwa bado mtini, kijani na ndefu kama penseli, kisha huanguka. Nyingi huchukuliwa na maji. Wakataji wa Mzee Mbwana walikuwa na desturi: kila anayetoka na boriti begani huokota mbegu moja iliyoanguka, akaichomeka topeni pembeni mwa nyayo zake, ndipo aendelee. Hakuna aliyewaamuru. Wazee wao walifanya hivyo. Kwa hiyo miche ilikuwa imesimama kwa mistari, ikifuata njia za wachukuzi kutoka kwenye visiki hadi majini.

Nikaelewa mara moja picha ninayoitaka: si mche mmoja, bali mstari mzima, mche wa mbele hadi wa mwisho, yote mikali. Mtu yeyote akiuona mstari atajua kuna mkono wa mtu.

Miguu mitatu ikazama. Mzee Mbwana akakata vipande vya mapau, zile boriti nyembamba, tukaviweka chini ya kila mguu. Nikainama juu ya kamera. Nikivuta kulia picha inakwenda kushoto, nikijirekebisha nazama goti.

"Huyu anapiga picha," Mzee Mbwana akawauliza wenzake, "au kuna kitu kimemdondoka?"

Nilitengeneza, nikatengua, nikatengeneza tena. Mche wa kwanza uliegemea pembeni sana, nikahamisha miguu. Kivuli changu kikaingia, nikahamisha tena. Nilitaka picha isiyo na dosari, na kwa kuitaka hivyo nikamaliza kupwa kote. Nilipoinua kichwa maji yalikuwa yameanza kurudi, yanalamba mche wa mwisho.

Mzee Mbwana akasogea, akaomba kuchungulia. Nikampisha, macho yangu yako majini.

"Mbona humu magharibi imeingia?" akasema.

Nikamwomba anyamaze kidogo, upepo ulikuwa unatulia. Nikabonyeza. Nikasokota, nikafungua tundu nitazame tena nipige ya pili, lakini mche wa mwisho ulikuwa umekwisha kufunikwa.

Picha moja tu. Na ndani ya mtumbwi, nikiifuta kamera, nikaitazama pete ya tundu: ilikuwa wazi. Nilijua nimeifungua baada ya kupiga. Lakini je, kabla ya kupiga niliifinya? Nilijaribu kuukumbuka mkono wangu na haukunipa jibu. Kama sikuifinya, mche wa kwanza ungekuwa mkali na mstari wote nyuma yake ungekuwa moshi.

Filamu ikaenda Dar es Salaam kwa lori. Mvua ikaharibu barabara. Siku zile nilikuwa mtu wa kuonewa huruma. Mke wangu aliniambia nikienda kwa mganga nimchukue na yeye, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambukiza. Bahasha ilipofika, Bwana Misitu aliifungua mwenyewe, nami nimesimama mlangoni. Kisha akaweka kidole juu ya mche wa mbele, akakipeleka polepole mpaka mwisho wa picha.

"Nani kapanda?" akauliza.

Nikaomba ruhusa ya kukaa, nikamweleza desturi ya wakataji. Mkono ule wa mto haukufungwa. Ofisi iliwataka tu wakataji wapumzishe upande mmoja kwa zamu, na waendelee kuchomeka.

Nilipompelekea Mzee Mbwana nakala yake, nikakiri kwake jinsi nilivyoteseka kuhusu ile pete, na kwamba ukifinya tundu ndani huingia giza. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyetafuta kofia iliyo kichwani mwake.

"Mwanangu, mimi si nilikwambia magharibi imeingia? Ukanambia ninyamaze."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na nadhani hayakuwa ya kicheko peke yake.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi baada ya pale, hata Mwingereza alipoondoka, mpaka nilipostaafu. Kamera ya boksi naiheshimu bado: kwa harusi, kwa watu waliosimama kwenye jua, haina ugomvi. Kamera ya kioo ni ya anayetaka kusogea karibu, na anayesogea karibu ana mengi ya kusahau. Kwa hiyo mkiishika, msiikumbatie peke yenu kama nilivyofanya mimi. Kabla hamjabonyeza, mwiteni aliye jirani achungulie. Akiwaambia magharibi imeingia, mshukuruni, mbonyeze, mkale chakula chenu bila wasiwasi.