Upande wa Pili wa Kanda

Albamu mpya ya bendi ninayoipenda inaanza kwa shhhh. Sekunde kumi nzima, kabla hata gitaa halijaguswa. Najua wameitia makusudi kwa kompyuta, wazee hawa wajanja, maana muziki wa siku hizi hautoi shhhh yoyote. Lakini niliposikia sauti hiyo wiki jana jikoni kwangu mtaani Tassia, niliacha mboga ya sukuma ikaungua. Nilikuwa nimerudi Makongeni, kwenye nyumba zetu za wafanyakazi wa reli, mbele ya redio kaseti ya mama iliyofunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa na miaka tisa na kanda moja. Anko Shem, ndugu mdogo wa mama, aliipata katika rundo la mitumba soko la Gikomba, na alipohamia Thika akaniachia. Ilikuwa ya hiyo hiyo bendi, enzi zile wakiwa vijana wenye nywele hadi mgongoni. Mtaa mzima ulisikiliza rege na lingala, mimi nikaugua ugonjwa wa magitaa. Wenzangu walinicheka wee! "Nafula, hiyo ni ngoma ama ni mabati inaanguka?" Mama, aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, alisikiliza wimbo mmoja akatikisa kichwa: "Na hawa wanalia nini na wamekula?"

Upande wa kwanza niliujua hadi pale mwimbaji anapovuta pumzi. Upande wa pili sikuugusa. Kwetu ugali ulienda na mboga kwanza, nyama ukaiachia mwisho uile taratibu, na upande wa pili niliufanyia vivyo hivyo. Nilisoma majina ya nyimbo zake kwenye karatasi ya kava, nikayatungia sauti kichwani. Kila mtu aliyekulia kati ya ndugu wengi anajua hatari ya kuachia nyama mwisho.

Siku moja nilitoka shule nikaamua leo ni leo. Nikageuza kanda, nikabonyeza. Badala ya magitaa akatoka mama! Peke yake, bila kwaya, bila ngoma, anaimba nyimbo za kanisa moja baada ya nyingine mpaka upande ukaisha. Nikaitoa kanda kuikagua. Vile vijishimo vya juu vinavyozuia kurekodi alikuwa ameviziba kwa selotepu.

"Mama, umenifutia!"

"Nimechukua upande mmoja tu. Huo mwingine si bado ni wako?"

Hakueleza zaidi. Siku hizo alikuwa hatoki bila skafu shingoni, nami nikadhani ni baridi ya Julai. Nilikuwa na hasira, acha tu.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Ukuta wa chumba chetu ulikuwa umepakwa rangi miaka na miaka. Ukikwaruza ile ya maziwa kwa msumari, unakuta kijani, na chini ya kijani, buluu. Nikawaza, basi nyimbo zangu ziko palepale, chini ya mama. Ni kumkwaruza tu.

Jumamosi mama alienda hospitali, akasema ni kuangaliwa kidogo. Nikairudisha kanda mwanzo, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikakaa kimya ili chochote kisishike juu. Sikukohoa. Nje treni ilipiga honi, muuza mafuta ya taa akapita akiita wateja, na mimi nikawa nahesabu maua ya kitambaa. Upande ulikuwa unakaribia kuisha mlango ulipofunguka.

"Weh Nafula! Nani amekutuma kugusa redio yangu?"

Nikazima haraka. Mama akairudisha kanda nyuma, akasikiliza. Shhhh. Akaipeleka mbele kidogo. Shhhh. Hakukuwa na mama, wala hakukuwa na magitaa.

Akakaa kitandani. Nikasubiri kofi, halikuja.

"Kwani ulikuwa unatafuta nini?"

Nikamweleza habari ya ukuta. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya skafu, nami nikadhani yote ni ya kicheko.

"Na chini hukupata kitu?"

"Sikupata, mama."

Wiki iliyofuata alipasuliwa uvimbe wa shingo. Alirudi na kovu na sauti nzito ya kukwaruza, na kanisani akahama kutoka kwaya akaketi na sisi kwenye benchi. Nilifurahi kupata mahali pa kulalia. Nilikuwa tayari na mtoto wangu mwenyewe aliponiambia, huku tukichambua mchele, kwamba daktari alikuwa amemwonya kuhusu sauti, ndiyo maana akaimba nyimbo zile, tubaki nazo. Alilisema kama jambo dogo. Mimi nililia kwenye ule mchele.

Jumapili iliyopita nikaenda na simu yangu kwake mtaa wa Fedha, tusikilize albamu pamoja. Kwa maoni yangu ya shabiki, albamu mpya ni safi kupita kiasi, kama nguo ya dobi, ila mwimbaji ameacha kupiga kelele. Anaimba chini, pale anapofika. Mama akainamisha sikio. "Huyu naye ameshuka kama mimi. Lakini hajanyamaza." Kisha akataka kusikia ile ya zamani, upande wa pili. Nikamwekea kwenye simu. Nyimbo mbili nzuri, zilizobaki ni za kujaza kanda tu.

"Kumbe ni hii uliyoitafuta mpaka ukanifuta?" akauliza. "Nafula, hata haya huna!"

Tukacheka sana. Halafu akainuka, akafungua droo, akatoa ile kanda. Sikujua alikuwa ameitunza. Redio kaseti ilikuwa bado juu ya kabati, chini ya kitambaa. Akaitia kanda, akaipeleka mbele, akiisimamisha na kusikiliza, kama mtu aliyezoea safari hiyo. Shhhh. Honi ya treni. Muuza mafuta ya taa. Pumzi zangu mwenyewe. Ndipo mlango ukalia, na sauti changa, nyembamba, ikapanda chumbani:

"Weh Nafula! Nani amekutuma kugusa redio yangu?"

Mama akarudisha nyuma, akacheza tena.

"Sikia hapo," akaniambia kwa sauti yake nzito, kidole kikielekeza juu. "Hapo nilikuwa nafika bila kujikaza."