Kompyuta Ziliingia Giza, Nikamchafua Mpwa Wangu kwa Wakwe

Admin, naomba unifiche jina na duka usilitaje, maana huku Bigwa hata kuku wananijua. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto wanne, na nina steshenari. Natoa kopi, nachapa barua, wanachuo wanakuja kuandikia ripoti zao.

Niseme mapema, mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu anasema ipo siku nitakishuku kivuli changu. Lakini sikuzaliwa hivi. Ujanani niliajiriwa kiwandani hapa Morogoro, yakaja mambo ya ubinafsishaji. Mabwana wapya wakatukusanya wakatuambia mitambo imezeeka, walioitengeneza wameshaiacha, spea hazipatikani, nendeni nyumbani. Tukaenda. Haukupita muda, mitambo hiyo hiyo ikapakiwa kwenye malori mchana kweupe, ikaenda kupiga kazi kwa watu wengine. Tangu siku ile mtu akiniambia kitu kimepitwa na wakati, namwangalia mikono kwanza.

Sasa kuna mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, tumwite Saidi. Ana miaka ishirini na saba, ni fundi kompyuta. Sisi Waluguru mnatujua, mtoto ni wa mjomba. Ndiye aliyenitafutia kompyuta nne za mtumba, akaniwekea ule mfumo wa bure unaotengenezwa na watu wa kujitolea huko duniani, usio na leseni ya kulipia. Zilifanya kazi miaka, sina la kusema.

Msimu wa mavuno uliopita Saidi alikwenda Dakawa wiki nzima kuvuna mpunga wake. Jumamosi asubuhi nafungua duka, nawasha mashine, zinanguruma zote nne lakini skrini nyeusi tii! Wateja wamejaa mlangoni. Nikampigia, akaja siku hiyo hiyo na matope ya shamba kwenye suruali. Akabonyeza-bonyeza, yakatokea maandishi meupe matupu, akayasoma mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Mjomba, mfumo umejisasisha. Kwenye toleo jipya wameacha kuzihudumia kadi za picha za zamani, zile za ndani zinazotoa picha kwenye skrini, na hizi zako ni za zamani."

"Wameacha akina nani?"

"Wanaoutengeneza, Mjomba. Walitangaza."

"Wametangaza wapi? Mbona redioni sijasikia?"

Binti anayenichapia kazi akaangua kicheko. Mimi damu ilichemka. Yale yale ya kiwandani, tena kutoka kwa mwanangu! Nikamuuliza mbele ya yule binti na wateja, "Kadi zangu umezipeleka wapi?" Maana nilijua anataka kufungua ofisi yake mwenyewe. Mimi kila kifaa cha ndani nakitia nukta ya rangi ya kucha ya mke wangu. Nikafungua mashine, nukta zote zipo. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema, loo, hata rangi kanunua ya kufanana! Saidi akanijibu taratibu, "Mjomba, sijachukua kitu. Nipe siku mbili nikurudishie toleo la zamani." Nikamtimua.

Wiki ile ile akaja mgeni kutoka Mlali, mjomba wa binti ambaye Saidi alikuwa amempelekea barua ya posa. Alikuja kuuliza tabia ya kijana, mjomba kwa mjomba, kama ilivyo desturi. Nilikuwa na hasira bado. Nikamwambia, "Kijana ni mchapakazi, ila ana mkono mrefu. Chungeni vitu vyenu." Mzee wa watu akashukuru, akaaga. Siku chache baadaye barua ikarudishwa bila maelezo. Saidi alikonda, dada yangu akalia, na mimi nilikuwepo pale nawapa pole.

Mwishowe nikamwita fundi mwingine, dada mmoja wa mjini. Akarudisha toleo la zamani, skrini zote zikawaka. Hata yeye nikamshuku, nikamuuliza kama anafahamiana na Saidi. Akasema hamjui. Akanionyesha kumbukumbu ndani ya mashine: zilisasishwa Ijumaa saa tano asubuhi, na kabla ya hapo yalitokea maandishi ya kuonya kuhusu kadi hizo, mtu akabonyeza kukubali.

Ijumaa binti wa kazi huwa haji, nilikuwa peke yangu dukani. Yalitokea maandishi marefu ya Kiingereza, nikabonyeza "ndiyo" yaondoke, nikazunguka mashine zote nne nikafanya vile vile. Ni mimi. Nikamuuliza yule dada kama fundi aliyemtangulia angeweza kuyaona haya. Akasema, "Baba, hicho ndicho kitu cha kwanza tunachoangalia."

Kwa hiyo Saidi aliyaona. Alijua ni mjomba wake, akasema mfumo "umejisasisha" ili nisiaibike mbele ya binti wa kazi na wateja. Nikamwita mwizi, bado akanifichia. Mpaka leo akinikuta njiani, "Shikamoo Mjomba," kwa adabu ile ile. Na mimi na roho yangu hii mbaya nikiitikia najiuliza, hii ni heshima au ameshajua la Mlali ananisubiri tu?

Nimesikia kule Mlali kuna mwanaume mwingine kapeleka barua, hawajamjibu. Nikienda kusema nilimsingizia, ukoo wote utajua, na mjomba aliyesema uongo kwenye posa hatumwi tena popote. Nikinyamaza, binti anaolewa na mwingine.

Jana dada yangu alikuja dukani. Hajui chochote. Kaleta mchele wa Saidi wa Dakawa, akakaa, akaniomba nimtafutie kijana mchumba mwingine na nikamsemee mimi mwenyewe. "Kaka," akasema, "wewe neno lako watu wanaliamini."

Ndugu zangu, mniseme mnavyotaka, nimestahili. Ila mniambie: naanzia wapi, Mlali au kwa dada yangu?