Kiti cha Baba na Trekta Lisilotoa Cheche

Shughuli nzima ilitugharimu kuku wawili, plagi tatu, koili moja ya mtumba na siku tisa za mvua za kwanza. Nimehesabu mara mbili. Kuku walikuwa wawili kweli, ingawa Fundi Kasiani hudai mmoja alikuwa kifaranga. Hadi leo nikinusa petroli iliyochanganyika na udongo mbichi, narudi kwenye uwanja wetu wa Ruhuwiko, nikiwa binti wa miaka kumi, nikitazama trekta dogo la bustani lililogoma kuwaka.

Trekta lilikuwa la Baba, na kiti chake kilikuwa cha Baba zaidi. Kwetu mtoto hakalii kiti cha baba yake, kiwe cha sebuleni au cha chuma. Baba alipokwenda Mbesa kutibiwa mguu, Mama alikifunika kiti kile kwa kitenge, kisha akamwita Fundi Kasiani aje alime badala yake. Fundi alipotaka kupanda, Mama alimzuia kwa upole: "Liwashe kwanza, Fundi. Utakikalia kazi ikianza." Fundi naye alilelewa hivyo hivyo, akasimama pembeni na kuzungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, basi.

Akafungua plagi, akaichomeka kwenye waya wake, akaiegemeza kwenye chuma cha injini na kuniambia nichungulie kama kuna cheche ya buluu. Sikuona kitu. Akaweka plagi mpya, kisha ya pili, kisha ya tatu. Akasugua nyaya kwa msasa. Siku ya sita alileta koili, kile kifaa cha kuipa plagi umeme, kutoka mjini, akaondoka na kuku wa pili, maana mkono mtupu haulambwi. Cheche haikuja. Mimi nilikuwa na hesabu yangu: trekta likishindwa, tungerudi kwenye jembe la mkono, na sehemu yangu ingekuwa matuta arobaini na mawili. Nikahesabu upya nikitumaini nimekosea. Yalikuwa arobaini na matatu.

Siku ya tisa Mama alikata tamaa, akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Yule bwana alilizunguka trekta akiligongagonga kama anayechagua tikiti maji.

"Hii ni kutu yenye matairi, mama yangu."

"Na wewe umeifuata kutu ya nini?" Mama akamjibu.

Wakiwa wanavutana bei, Fundi alikuwa anajaribu kwa mara ya mwisho, plagi ikiwa nje. Kwa hasira nikapanda, nikakaa juu ya kile kitenge. Kwa akili yangu, trekta linalouzwa si la Baba tena. Fundi akazungusha ufunguo. Cheche ya buluu ikaruka.

"Shuka! Huna adabu wewe!" Mama alifoka. Nikashuka. Fundi akazungusha tena, cheche hakuna.

"Mama, hebu mrudishe."

"Nimrudishe wapi?"

"Hapo hapo alipokosa adabu."

Nikarudi, cheche ikarudi. Fundi akainua kiti, akakuta swichi ndogo inayokata moto wa injini kiti kikiwa hakina mtu. Siku tisa tulikuwa tukiheshimu kiti, na kiti kilikuwa kinataka kukaliwa. Mnunuzi akajikuna kichwa: "Basi niuzieni hata zile plagi." Mchana ule ule Fundi alilima, na Baba aliporudi aliambiwa kwamba tatizo lilikuwa koili. Tulikubaliana hivyo sote watatu bila kikao.

Siku hizi mafundi huanza kwa kuuliza simu, na wanangu hukalia kiti chochote kilicho wazi, cha babu yao kikiwemo. Sijui nani kapata hasara. Baba ni mzee sasa, na Jumapili iliyopita aliwasimulia tena wajukuu habari za koili ya ajabu, huku Mama akichungulia kikombe chake cha chai. Kisha Baba akatangaza kwamba Krismasi hii atampelekea Fundi Kasiani mbuzi wa shukrani. Mbuzi huyo, kwa hesabu yangu, ni wangu. Lakini kumdai ni kukiri nilikaa wapi, na Mama alificha nini miaka yote hii. Wenye wazazi wazee, nishaurini: nimwambie, au nimwache na koili yake?