Masikio ya Mwamuzi

Mtaani walimwita Fundi Masikio, na si kwa sababu ya ukubwa wa masikio yenyewe, ingawa hayakuwa madogo. Ukimpelekea redio mbovu hakuanza na bisibisi. Aliiwasha, akaiinamia, akafumba macho, kisha akakwambia waya uliolegea uko upande gani. Wateja walikuwa na mzaha kwamba marehemu mkewe hakuwahi kuguna jikoni bila mzee kuuliza kutoka kibandani, "Nimefanya nini tena?"

Kriketi nayo aliijua kwa masikio hayo hayo. Gongo hajalishika maishani. Ila ujana wake wote, redio aliyotaka kujua kama imepona aliifungulia matangazo ya kriketi, kwa kuwa mchezo ule huchukua siku nzima na mtangazaji wake hachoki. Redio ikistahimili kutwa bila kukwaruza, mwenyewe aje aichukue. Basi sheria za mchezo zikamwingia kidogo kidogo huku mikono ikiwa kwenye nyaya.

Kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi, binti mmoja mwenye sauti ya filimbi, alipoanzisha klabu ya kriketi ya watoto wadogo kila Jumamosi, mzee alikuwa wa kwanza kumpeleka mjukuu wake, Kibibi. Kibibi aliishi naye nyumba moja pamoja na mama yake, binti wa mzee, ambaye alikuwa karani wa mapokezi hospitalini na Jumamosi nyingi alikuwa kazini. Magongo ya klabu yalikuwa ya plastiki, mpira wa raba laini, na wiketi, vile vijiti vinavyosimamishwa nyuma ya mpigaji, zilianguka hata kwa upepo. Watoto walifundishwa kudaka kwa mikono miwili kama wanapokea yai, na kukimbia bila kuangusha gongo. Siku za mwanzo Kibibi alifumba macho kila mpira ulipomjia. Mzee alikaa pembeni juu ya tofali, akimsahihisha Mwalimu kila baada ya pumzi mbili, mpaka Mwalimu akachoka akamwambia basi babu, wewe kuwa mwamuzi.

Alikipokea cheo kile kama ndiyo kwanza anatawazwa. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Na sheria aliyoipenda kuliko zote, aliyowafundisha watoto kabla hata hawajajua kushika gongo vizuri, ni kwamba mwamuzi hajibu asipoulizwa. Mpira unaweza kuligusa gongo na kudakwa kabla ya kugusa chini, jambo linalomtoa mpigaji, mbele ya macho ya watu wote. Kama hakuna aliyeuliza, mchezaji hajatoka, si auti.

"Mrushaji ndiye aniulize," aliwaambia. "Aseme kwa sauti: vipi? Msipouliza, mimi ni mti."

Watoto wakaipenda sheria hiyo kupita mchezo wenyewe. Mwalimu akiangusha funguo, vipi? Mbwa akikatiza uwanjani, vipi? Aliyeipigia kelele kuliko wote alikuwa mtoto mmoja mwembamba waliyemwita Sindano, binti wa mshona nguo wa mtaa uleule. Mpira wake ulikuwa unanyooka, na yeye mwenyewe alikuwa na sikio. Mzee alikwisha kumwambia mbele ya wenzake kwamba akikua atamwachia kibanda.

Sasa nyumbani kulikuwa na jambo. Mama yake Kibibi hakuona mchezo ule una maana gani. Alitaka mtoto aende twisheni siku za Jumamosi kama watoto wengine. Mzee akamwambia mwanangu, huyu mtoto ni moto, akipiga mpira unalia. Hilo lilikuwa na chumvi nyingi, maana Kibibi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kufungua macho. Binti yake akajibu kwamba ataomba ruhusa aje aone mwenyewe siku ya mechi ya wazazi. Akimkuta amesimama tu kama nguzo, Jumamosi inayofuata ni twisheni, na mjadala umefungwa.

Siku ilipofika wazazi walikaa kwenye viti vya darasani vilivyotolewa nje. Siku za kawaida mtoto aliyetoka huruhusiwa kurudia, lakini mzee ndiye aliyeshikilia kwamba hii iwe mechi ya kweli: aliyetoka akakae. Kibibi akaingia na gongo. Binti yake mzee alikuwa kiti cha mbele, pochi juu ya mapaja, akitabasamu tabasamu la mtu anayesubiri kuthibitishiwa.

Sindano akarusha mpira wa kwanza. Kibibi akazungusha gongo, mpira ukapita, ukaishia mikononi mwa mtoto aliyesimama nyuma ya wiketi, ambaye wote walimwita golikipa na Mwalimu alikwisha kuacha kuwasahihisha. Katikati ya kupita na kudakwa palitoka mlio. Tik. Mdogo sana, wa raba na ukingo wa plastiki. Mzee aliusikia kama anavyousikia waya ulioachia.

"Vipi?" Sindano akaruka juu.

Mzee akamtazama binti yake. Hakukusudia kumtazama, macho yalikwenda yenyewe. Tabasamu lilikuwa bado liko pale.

"Si auti," akasema. "Umepita hewani."

"Babu, umegusa. Nimesikia."

Baba mmoja kwenye viti akacheka, akamuuliza yule mtoto anashindana na masikio ya nani. Wazazi wote wakacheka. Kama Fundi Masikio hakusikia, basi hakukuwa na cha kusikika. Mama yake Sindano aliinama akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Kibibi hakucheka. Alilitazama gongo, akamtazama babu yake, akasimama vilevile alipo. Mwamuzi amesema. Na mambo yalivyo ya ajabu, mipira iliyofuata aliipiga hasa, mmoja ukavuka viti, na mama yake akasimama kupiga makofi. Sindano alikuwa anarusha huku anafuta pua kwa mkono wa fulana, na mpira wake haukunyooka tena siku ile.

Njiani kurudi mama yake Kibibi alikuwa na furaha, anasema baba kumbe ni kweli, na habari ya twisheni hakuitaja tena. Kibibi akamshika babu yake mkono.

"Babu, mtu akihisi mpira umegusa gongo, mikono inaweza kumdanganya?"

Mzee akamwambia atembee upesi, jua kali. Aliona haya mpaka shati jeupe likamwasha mgongoni.

Angekuwa mtu wa kujidanganya, pengine yangeishia hapo. Alijaribu. Alijiambia ni mchezo wa watoto, ni raba na plastiki, nani amekufa? Kisha siku mbili tatu baadaye alikuwa kibandani amefungua redio tumboni, akaona kivuli mlangoni. Alikuwa mshona nguo, amemshika Sindano bega.

"Shikamoo, babu," mtoto akasema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu."

Mama akamsukuma kidogo. Akaeleza kwamba yeye hakulea mtoto wa kubishana na wazee mbele ya kadamnasi, na kusema amesikia ambacho hakikuwepo ni uongo, na uongo huanza na vitu vidogo. Ndiyo maana amemleta.

"Samahani babu," Sindano akasema. "Nilisema uongo."

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, maneno yalikuwa mdomoni. Mzee akashika bisibisi ambayo hakuwa na kazi nayo, akasema, "Haya. Yamekwisha."

Mama akashukuru, akamsifu kwa moyo wake mkubwa. Walipoondoka mzee aliinamia ile redio na hakusikia kitu. Mtu mzima ovyo, alijiambia, umeombwa msamaha na mtu uliyemwibia. Siku ile hakutengeneza chochote, na aliyekuja kuulizia mzigo wake aliambiwa fundi hajisikii vizuri. Haukuwa uongo.

Akaapa kwamba Jumamosi atarekebisha. Alivyopanga, mambo yangekuwa mepesi: Sindano akiuliza tu, kwa lolote lenye mashaka, atampa. Mizani itakaa sawa bila mtu kujua. Aibu ina akili hizo, hutafuta kulipa gizani.

Jumamosi Sindano alikuja akivutwa mkono na mama yake, kwa sababu alikuwa amegoma kuja. Mama akakaa pembeni ahakikishe adabu. Mtoto akarusha, wala si vibaya. Mpira mmoja ukamgonga mchezaji mguuni mbele ya wiketi, nalo hilo huweza kumtoa mtu, mzee akasubiri aulizwe. Sindano akauokota mpira tu, akarudi kurusha. Kibibi akaingia na gongo. Sindano akarusha, na safari hii haukuwa mlio wa kutafuta kwa sikio la fundi. Ulikuwa tak, Mwalimu akageuza shingo, golikipa akadaka, akaunyanyua mpira juu, akamgeukia Sindano, maana ndiye wa kuuliza.

Sindano alitazama viatu vyake.

Mzee alisikia kidole cha kutangazia auti kikimwasha. Hakuweza kukinyanyua. Hakuna aliyeuliza, na sheria alikuwa ameileta mwenyewe. Kibibi naye, ambaye zamani angeondoka mwenyewe kwa kuwa mikono yake inajua, alisimama palepale akimsubiri babu amwambie kama mikono yake inasema kweli. Watoto wawili, na wote wawili alikuwa amewaziba masikio.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini hapa hakukuwa na pa kuchutamia. Akatoka mahali pake, akaenda hadi kwa Sindano.

"Niulize," akasema.

Mtoto akamtazama mama yake kwanza. "Vipi?" akasema, kwa sauti ambayo labda Fundi Masikio tu ndiye angeweza kuisikia.

Mzee akanyanyua kidole. "Auti. Na wa Jumamosi iliyopita pia ulikuwa auti. Uligusa. Nilisikia."

Aliyasema kwa nguvu ili mama yake Sindano asikie, na alisikia, kwa maana kiti kililia. Kibibi akaweka gongo kwapani, akatoka, akampita babu yake bila kumwangalia. Habari zingefika hospitalini kabla mzee hajafika nyumbani, na hilo alilijua.

"Kama ulisikia," Sindano akauliza, "mbona ulisema umepita hewani?"

 Mzee akarudi mahali pake, shati jeupe na yote, na Mwalimu akaita mchezaji mwingine.

Sindano akarudi kwenye alama yake, akakimbia, akarusha. Mpira ukapita mbali na gongo, mbali na wiketi, mbali na kila kitu, ukabiringika hadi ukutani.

"Vipi?" akapaza sauti.

"Si auti," mzee akasema.

"Najua," Sindano akasema. "Nilikuwa nakupima."