Begi la Limi

Jirani yangu hapa Buseresere, mhudumu mstaafu wa wodi ya wazazi, ndiye anayewapangia wajawazito wa mtaa mzima mabegi ya kwenda kujifungulia. Glovu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kulalia: kila kitu anakigusa mara mbili na kukitaja kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina. Ukimpigia soga anaanza upya, na lawama ni zako. Mimi ameshanifukuza mara tatu.

Juzi alikuwa kwenye begi la Limi, aliyebakiza wiki moja, mama mkwe wake Limi akaingia bila hodi na kuzichomoa kanga mbili za mtoto. "Mayu! Mama yangu, mtoto hajazaliwa mnamnunulia nguo? Mnamwitia kifo?" Limi, aliyeketi kando yetu, akainama, machozi tayari. Mtoto wake wa kwanza alimzalia njiani, hakukuwa na cha kumfunika, baridi ikamchukua. Jirani yangu hakubisha. Alizichukua zile kanga, moja akajifunga kiunoni, nyingine akajitupia mabegani. "Haya, sasa ni nguo zangu mimi bibi kizee. Nitaingia nazo wodini, na huko nikisikia joto nitazivua. Umeridhika?" Nikashindwa kuzuia kicheko. Mama mkwe akavua sweta lake, akamrushia. "Basi na hili livae. Huko wodini kuna baridi."