Maji Chini ya Miguu ya Baba

Muuguzi mmoja wa wodi ya wazee alikuwa na gari la michezo, jekundu, la viti viwili, ambalo wenzake walilicheka mpaka wakachoka. "Mtu mzima na kigari cha kuburuza tumbo barabarani!" Yeye hakujali. Alilinunua kuukuu, na raha yake ilikuwa kumpakia babake, dereva mstaafu wa malori, wakazunguka mji jioni. Mzee alijitandaza kwenye kiti cha pembeni kama bwana harusi, akimkosoa kila alipobadili gia.

Kisha gari likaanza kunywa maji. Kila akifungua boneti, chupa ya kulanti, yale maji ya kupozea injini, imeshuka, na chini ya gari pakavu, hata tone hakuna. Makanika wake, jamaa wa kitambi waliyemwita Mzee wa Spana, alipima rejeta kwa presha, akakaza klipu za mipira, akabadilisha kifuniko. Wapi!

"Ningesema gasketi ya hedi, linachoma maji ndani kwa ndani," alisema, "lakini moshi wake si mweupe. Hili gari linanichezea shere, sista."

Wiki hiyohiyo muuguzi aliinama kuokota miwani ya babake, mkono ukagusa zulia la upande wa mzee. Limelowa chepechepe. Wodini ameona wazee wangapi wakianza hivihivi? Hakuuliza. Kesho yake alitandika nailoni juu ya kile kiti.

"Ya kuzuia vumbi tu, Baba."

Mzee aliitazama nailoni, akamtazama bintiye, akapanda. Jioni ile hakukosoa gia hata moja.

Muuguzi akampigia kaka yake simu. "Baba ameanza kujikojolea. Iwe siri yetu." Kaka akamnong'oneza shangazi, na shangazi hana kifua. Muda si muda ukoo mzima ukawa unamhurumia mzee. Naye akawa anaacha chai nusu kikombe, na akialikwa kutoka anasema goti linamuuma.

Makanika ndiye aliyeita. Alikuwa amejikunja ndani ya gari, zulia limefunuliwa.

"Sista, njoo unuse hapa."

Akanusa. Harufu tamutamu. Akagusa: maji ya kijani, yanateleza.

"Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo ya hita. Imetoboka. Maji yanachuruzika humu ndani, ndiyo maana chini hatuoni kitu. Hukuona zulia limelowa?"

"Niliona."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Yeye, anayejua mkojo kwa harufu akiwa bado mlangoni, hakuwa hata amenusa. Wala hakujiuliza mbona kiti chenyewe kilikuwa kikavu muda wote.

Aliliacha gari gereji, akarudi kwa miguu. Mzee alikuwa kitandani, redio imezimwa. Akapiga magoti.

"Baba, nisamehe. Yale maji ni ya gari. Ni mimi niliyekudhania vibaya."

Mzee alijiinua, akakaa kitako. "Mwanzoni nilijua si mimi. Ulipotandika ile nailoni, nikaanza kuamka na kupapasa shuka. Nikasema, hiyo ndiyo kazi yake, mwanangu hawezi kukosea."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Muuguzi alitoa simu palepale, akaweka spika. "Kaka, nilimsingizia Baba. Ni gari lililokuwa linavuja." Kaka akaangua kicheko cha ahueni. Mzee hakucheka.

"Na shangazi yako umwambie," alisema. "Alinipigia, akaniombea dua ndefu."

Akampigia shangazi, na binamu, na shemeji, kila mmoja akimweleza lilelile, huku mzee akisikiliza kila neno.

Gari lilipona, lakini mzee hakulipanda. Muuguzi hakumsukuma. Wodini, sasa, akikuta kitu kimelowa humuuliza mgonjwa kwanza, kwa sauti ndogo, kisha husubiri jibu.

Alasiri moja mzee alitoka chumbani amevaa viatu. "Naenda kinyozi. Twende, lakini kwa miguu."

Wakaenda. Njiani mzee alisalimiana na majirani kwa sauti kubwa, akitangulia. Muuguzi alimfuata hatua chache nyuma, hajui mikono aiweke wapi.