Muda Mfupi Nilioandika kwenye Ripoti

Iko siku moja ninayoikumbuka kila ninaposhika simu kukupigia, mwanangu Kibet, na tangu mama yako aniambie kwamba umekubaliwa kuingia polisi huko Marekani, siku hiyo hainipi usingizi. Sikukatazi. Kazi ni kazi, na mimi mjomba wako niliwahi kuvaa sare nikaipenda kupita kiasi. Ila ninaogopa, na ni afadhali ujue ninachoogopa kabla hujaapishwa.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, mlinzi katika jengo moja refu la Dubai Marina, miaka ile ya elfu mbili na kitu ambapo kila ukienda likizo unarudi ukute mnara mpya. Nilikuwa na kifua kipana, mwanangu, si hiki kitambi unachokiona kwenye picha. Meneja wa jengo, tuliyemwita sir kama tulivyomwita kila mwenye tai, alizoea kunigonga begani na kuwaambia wageni kwamba mimi peke yangu natosha walinzi watatu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza kutembea kana kwamba jengo ni la baba yangu.

Ijumaa moja mchana, katika joto la Agosti, madam mmoja alishuka kwa lifti akilia kwamba mkoba wake umeibwa. Wakati huohuo mtu mwenye ovaroli akapita mbio kwenye mlango wa mbele, ambao wafanyakazi hawakuruhusiwa kuutumia. Nikamwita, hakusimama. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akiliwahi basi la kampuni yake, lililokuwa likiondoka kurudi Muhaisnah, kwenye kambi ya vibarua walikolala, na aliyeachwa na basi lile alikuwa na shida ya kufika. Lakini mimi sikuuliza. Nilimfikia nje, nikamwangusha kifudifudi juu ya vigae vilivyochomwa na jua, nikamwekea goti mgongoni.

"Kaka, mimi ni mtu wa usafi tu," akasema, kwa Kiswahili cha Uganda. "Niachie nipumue kidogo, ndugu yangu."

Hapa ndipo penye aibu yangu, na sitaipunguza. Aliponiita ndugu, nilikandamiza zaidi. Sir alikuwa amesimama mlangoni akitazama, nami nilichelea asije akafikiri kwamba mimi na mwizi ni watu wamoja kwa sababu tunasema lugha moja. Nilitaka aone kwamba sina upendeleo. Yule mtu aliomba, akaomba, kisha akaacha kuomba, nami nikadhani ametulia.

Nilipomgeuza, midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Ambulensi ikamchukua. Jina lake lilikuwa Sulaiman. Mkoba wa madam ulipatikana kabla ya jua kutua, chini ya kiti cha gari lake mwenyewe.

Basi woga ukaniingia, mwanangu, woga ambao sijapata kuuonja tena. Kila simu ya mapokezi ilipolia nilijua ni habari za kifo. Mtu yule akifa, mimi ni wa gerezani, katika nchi ambayo hata karatasi ya mashtaka nisingeweza kuisoma. Mwenzangu wa zamu, Wekesa, ambaye wakati ule wote alikuwa ndani akimtuliza madam na hakuona kitu, akanihurumia.

"Wee andika tu jamaa alikuwa mkali, ukamshika muda mfupi," akaniambia. "Mimi nitasaini. Kamera hujifuta baada ya wiki. Wiki ikiisha, khalas, yamekwisha."

Nikaandika hivyo: mshukiwa alileta upinzani, nikahofia usalama wangu, nikamzuia kwa muda mfupi. Wekesa akatia sahihi bila kusoma, na kwa wema kabisa. Wengi wanaopotezana katika kazi hizi, mwanangu, hupotezana kwa wema.

Jumatano iliyofuata akaja mkufunzi wa kampuni yetu, Mmarekani mzee, polisi mstaafu, tuliyemwita Mister Ray. Nilifurahi kumwona, nilidhani polisi ataelewa. Aliisoma ripoti mara mbili, kisha akaniomba kwa upole nilale kifudifudi kwenye sakafu ya chumba cha mafunzo. Nikacheka kidogo, nikalala. Akaniwekea goti mgongoni, akavua saa yake, akaiweka mbele ya macho yangu.

"Niambie muda mfupi ukiisha," akasema.

Mshale wa sekunde ulipozunguka mara moja, nilimwambia umeisha. Hakuondoka. Ulipofika nusu ya mzunguko wa pili nilisahau kwamba haya ni mafunzo. Nilikwaruza zulia nikimwita mama yangu kwa Kinandi, mimi niliyetosha walinzi watatu, na yule mzee hakuwa ameweka hata nusu ya uzito wake. Akaniinua, akanipa maji.

"Nimekukalia dakika mbili," akasema. "Nimetazama picha za kamera. Wewe ulimkalia tano. Umeandika kwamba ulihofia usalama wako. Ulihofia lini?"

"Baadaye," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaketi sakafuni karibu nami. Akanieleza kwamba kwao naye alimwumiza mtu hivyohivyo barabarani, na yeye na wenzake wakaandika sentensi zilizofanana neno kwa neno. Mkubwa wao akafunga faili. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mwaka uliofuata binti mmoja alipigwa risasi akafa katika mtaa uleule, naye akatumwa kutafuta mashahidi. Alibisha nyumba zote. Aliona mapazia yakisogea, lakini hakuna aliyefungua. "Walimjua muuaji," akaniambia, "ila mimi walikuwa wananiogopa zaidi." Muuaji hakupatikana.

"Picha zitafutwa keshokutwa," akamalizia. "Nitazizuia mimi, usipokwenda. Lakini ningependa uende wewe."

Nilikwenda. Nilimwomba sir picha zile zihifadhiwe, nikaandika ripoti ya pili, nikaandika dakika tano, nikaandika kwamba alinisihi nami nikaongeza uzito. Wekesa hakunisemesha wiki nzima. Sir akapiga simu polisi, na kabla hawajanihoji niliomba saa moja niende hospitali.

Sulaiman alikuwa hai. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika, na alipumua kwa kuibaiba. Nilikuwa nimetoka moja kwa moja kazini na sare yangu. Aliponiona alijivuta mpaka mgongo ukagusa ukuta. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi sikuwa ung'ongo, nilikuwa nyoka mwenyewe.

Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba mkoba ulipatikana, na kwamba nimeandika ukweli wote. "Nisamehe, ndugu yangu," nikasema.

"Yes, sir," akajibu.

Nikarudia, nikamwita kaka, nikamwomba aseme chochote, hata anitukane. Akainamisha macho. "Khalas, sir. Thank you, sir." Hakunipa tena neno moja la Kiswahili, na mlango ulipofungwa nyuma yangu nililia pale kwenye korido mbele ya wauguzi. Nilihojiwa, nikakatiwa mkataba, nikarudishwa nyumbani. Sikuonewa.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Watu watakapokusifia nguvu, siku hiyo jiogope. Mtu akikuambia hapumui, mwamini kwanza. Kama anadanganya utakuwa umepoteza mshukiwa mmoja tu. Usimwongezee mtu uzito ili mwingine akuone. Mwenzako akikuletea sentensi iliyokwisha kuandikwa, mrudishie, hata kama ni rafiki, hasa kama ni rafiki. Na ukikosea, maana utakosea, andika dakika zake zote wewe mwenyewe kabla hujaulizwa, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua. Kusema kweli kulinigharimu kazi, lakini hakukunirudishia ile "ndugu yangu" ya kwanza. Imani ya watu huipati kwa kuomba msamaha. Unaipata kwa kutoivunja.

Nenda, mwanangu. Mungu aitulize mikono yako pale moyo unapokwenda mbio. Kila jioni akurudishe salama kwa mama yako, na kila mtu utakayemsimamisha barabarani, mwema na mbaya, naye arudi akiwa hai kwa mama yake.